Maji, KOH, iodini au kotoni bluu: kipi kianze kwenye slaidi ya fangasi waozesha miti?

Mvua za Desemba zikishakolea, marundo ya matawi ya mikorosho yaliyopogolewa huanza kubadilika rangi. Nenda shamba lolote upande wa Naliendele, Mtwara, au shuka Mingoyo ukiwa njiani kwenda Lindi, ugeuze tawi lililolala chini tangu msimu uliopita. Upande uliogusa udongo utakuta ukoko wa kijivu umetandaa kwenye gome. Pembeni yake kuna ukoko mwingine wa kahawia, kwenye mti ulioanza kulainika kuna vikombe vya rangi ya chungwa visivyofika milimita moja, na kwenye nyufa kuna vidonge vyeusi, vigumu. Huku kwetu mtu akisikia fangasi wa mkorosho, akili inakimbilia ubwiriunga na mifuko ya salfa. Ubwiriunga ni wa majani machanga na maua. Hawa wa kwenye tawi ni wengine kabisa: kazi yao ni kuozesha mti, na wanaowatazama ni wachache.

Anayewatazama hukutana na tatizo moja mapema: kwa macho wanafanana. Ukoko mweupe wa tawi hili na ukoko mweupe wa tawi lile huenda ni viumbe wa koo mbili zisizo na undugu wa karibu, na lenzi ya mkononi haitakwambia. Jibu liko kwenye hadubini, na hapo uamuzi wa kwanza ni tone la kitu gani unaweka kwenye slaidi. Nitalinganisha vimiminika vinne ambavyo mtu wa Mtwara au Lindi anaweza kuvipata au kuvitengeneza kwa vitu vya maabara ya kawaida, na viwili vya nyongeza nitavipitia kwa haraka. Msimamo wangu nautoa mapema. Sampuli ikiwa mbichi, maji yatangulie kila mara. KOH, yaani haidroksidi ya potasiamu, ifuate. Iodini iwekwe kwenye kipande kipya. Kotoni bluu, ambayo ni rangi ya kupaka slaidi, inaweza kusubiri mwezi au mwaka, hutaharibikiwa.

Unatafuta nini hasa?

Fangasi waozesha miti wengi wamo katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza huzaa spora, yaani chembe za uzazi, juu ya seli iitwayo basidia, kwa kawaida spora nne kila moja juu ya kijiti chake. Kundi la pili huzaa spora ndani ya kifuko kirefu kiitwacho aski, kwa kawaida nane zikiwa zimepangana. Hilo ndilo swali la kwanza, na ukilijibu vibaya utazunguka mchana kutwa kwenye funguo za utambuzi, yale maswali ya vitabuni yanayokufikisha hatua kwa hatua kwenye jina.

Baada ya hapo unazifuata nyuzi zinazounda mwili wa fangasi. Je, zina klampu, kile kishikizo kidogo kinachotoka pembeni ya ukuta unaogawa seli na kujishika upande wa pili? Kuna sistidia, yaani seli tasa zinazochomoza katikati ya basidia? Zimevaa fuwele au ziko wazi? Kisha spora zenyewe: umbo, urefu, upana, ukuta mwembamba au mnene, laini au wenye miiba. Mwisho unauliza zinabadilika rangi gani zikikutana na iodini, na ukuta wake unafyonza bluu au haufyonzi. Spora nyingi za fangasi hawa ziko kati ya mikromita 3 na 10 hivi, kwa hiyo lenzi ya 40 itakupa picha ya jumla tu. Klampu na mapambo ya spora yanataka lenzi ya 100 yenye mafuta.

Hakuna kimiminika kimoja kinachoonyesha yote hayo. Kila kimoja kinafunua kitu na kuficha kingine, na viwili kati ya hivi vinne vinaua kabisa ulichokuwa unakitafuta kama ukivitanguliza.

Maji

Maji hayadharauliwi na mtu aliyewahi kuona kikombe cha Orbilia kikiwa hai. Orbilia ni vile vikombe vidogo vya rangi ya chungwa au nyekundu iliyopauka, vinavyopitisha mwanga, vinavyoota kwenye mti wenye unyevu. Kata kipande chembamba kwa wembe mpya, weka tone la maji, funika, bonyeza taratibu. Ndani ya kila spora iliyo hai utaona kijimwili kinachong'aa, kikiwa upande wa ncha moja. Katika baadhi ya spishi ni duara, katika nyingine kimechongoka au kimerefuka, na wataalamu wa kundi hili hutenganisha spishi kwa kukitazama. Ukiingiza KOH, seli inakufa na kijimwili kinatoweka. Hakirudi hata ukisuuza kwa maji.

Mjerumani Hans-Otto Baral ndiye aliyelipigania jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1992 alichapisha hoja yake kwamba fangasi wa vikombe wachunguzwe wakiwa hai, kwa sababu aski hai iliyojaa maji ina vipimo tofauti sana na aski iliyokufa, hata kama ni ya kikombe kilekile. Kwa mtu anayechukua sampuli shambani asubuhi na kuitazama mchana, hiyo ni nafasi ambayo mwenye sampuli kavu za makabati ya Ulaya hana. Itumie.

Maji yanaonyesha pia rangi halisi, matone ya mafuta ndani ya spora, na fuwele kama zilivyolala. Udhaifu wake ni huu: nyuzi zenye kuta nyembamba hazionekani vizuri, na sampuli iliyokauka haijazi mwili. Ukoko uliokauka wiki mbili ukiuweka kwenye maji unabaki umesinyaa, basidia zimeshikana, na utakachopata ni viputo vya hewa. Kwa sampuli kavu, maji peke yake ni kupoteza muda.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Mchana wa Mtwara, na taa ya hadubini ikiwa chini ya slaidi, tone la maji linakauka kabla hujamaliza kupima. Weka dropa karibu na uongeze tone ukingoni mwa kioo cha kufunikia kila unapoona hewa inaingia. Na maji yenyewe yasiwe ya kisima cha pwani. Chumvi yake ikikauka inaacha fuwele, na fuwele ni mojawapo ya vitu unavyovitafuta kwenye sistidia, kwa hiyo utajidanganya. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanatosha. Wengine hununua maji ya betri. Ni sawa, ila dukani ueleze wazi kwamba unataka maji ya kuongezea, kwa sababu jina hilohilo baadhi ya wauzaji hulitumia kwa asidi, na asidi ya betri inachoma ngozi na macho.

KOH

Vijana wa maabara za hospitali wanaifahamu hii kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiyo wanayoloweka magamba ya ngozi ya mgonjwa wa fangasi. Kule hutumia asilimia 10 hadi 20. Kwa fangasi wa miti punguza: asilimia 3 hadi 5 inatosha kwa kazi nyingi. Gramu 3 za chembe za KOH kwenye mililita 97 za maji. Chembe ndizo zinazotiwa kwenye maji, polepole, maana mchanganyiko unapata joto. Hifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha plastiki. Chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo itakung'ang'ania siku moja na hutaifungua tena. Ikikaa wazi inavuta hewa ukaa na kudhoofika, kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo.

KOH inafanya kile ambacho maji hayawezi: inalainisha na kujaza mwili wa sampuli kavu. Ukoko uliokaa kwenye bahasha mwaka mzima unafunguka, nyuzi zinaachana, basidia zinasimama, klampu zinaonekana. Kwa fangasi wa ukoko, vitabu vingi vinachukulia kwamba umetazama kwenye KOH, mara nyingi pamoja na tone la rangi nyekundu ya floksini inayopaka ute wa ndani ya seli. Kama huna floksini, eosini ya maabara ya hospitali ni ndugu yake wa karibu na inafanya kazi inayofanana.

KOH pia ni kipimo chenyewe, hata bila hadubini. Ukoko wa kahawia wa jamii ya Hymenochaete na jamaa zake Phellinus unapoguswa na tone la KOH unageuka mweusi papo hapo na kubaki mweusi. Vidonge vyeusi vya Hypoxylon navyo vina chembechembe za rangi chini ya ngozi yao. Chukua kipande kidogo sana, kitie kwenye tone la KOH ya asilimia 10 juu ya kioo kilichowekwa juu ya karatasi nyeupe, na subiri. Rangi inayotoka inaweza kuwa ya chungwa, nyekundu, zambarau au kijani cha zeituni, na funguo za Hypoxylon zinaitegemea sana rangi hiyo. Kwenye KOH hiyohiyo, spora za Hypoxylon wengi huvua ngozi ya nje. Unaona ganda jembamba limejitenga, linaelea pembeni ya spora ya kahawia. Sijui jambo linalofurahisha zaidi kuonyesha wanafunzi.

Hasara zake zisifichwe. Inaua seli, inavimbisha kuta, inayeyusha baadhi ya utando na rangi zilizopaka nyuzi. Fuwele za oksalati ya kalsiamu hustahimili, lakini si kila kilichoganda kwenye sistidia ni oksalati, na ndiyo maana unatazama kwenye maji kwanza: ukiona ganda kwenye maji na kulikosa kwenye KOH, umepata taarifa, ukianza na KOH hutajua kama lilikuwepo. Vipimo vya spora navyo vinaweza kutofautiana kati ya vimiminika hivi viwili. Na lenzi ikiguswa na KOH ifutwe mara moja, maana inakula gundi inayoshikilia vioo vyake.

Iodini: Lugol au Melzer?

Hapa kuna ulinganisho ndani ya ulinganisho. Vitabu vingi vya fangasi vinataka kimiminika cha Melzer, kinachobeba jina la Mcheki Václav Melzer. Ndani yake mna iodini, iodidi ya potasiamu, maji, na kloralihaidreti nyingi. Hiyo ya mwisho ni dawa ya usingizi ya zamani, ni sumu, na nchi nyingi zinaidhibiti. Kuipata Lindi mjini kama mtu binafsi sahau. Maji ya Lugol ni iodini na iodidi ya potasiamu kwenye maji tu, na yako karibu kila maabara inayopima choo kutafuta amiba.

Kwa vikombe na vidonge, yaani fangasi wa aski, Lugol si mbadala wa shida, ni bora kuliko Melzer. Baral alionyesha mwaka 1987 kwamba kuna aski ambazo ncha zake hubadilika rangi kwenye Lugol na kukaa kimya kwenye Melzer, kwa sababu kloralihaidreti inazima mwitikio. Wenye Melzer peke yao walikuwa wakiandika kwamba hakuna badiliko kwa fangasi ambao badiliko wanalo. Kwa fangasi wa basidia Melzer ina faida yake: inasafisha sampuli, inaifanya ipitishe mwanga, na maelezo ya vitabu yameandikwa kwa kuitumia. Hata hivyo Lugol itakuonyesha mengi ya msingi.

Unatazama majibu matatu. Bluu hadi karibu nyeusi: spora za Stereum hufanya hivyo, na pete ndogo kwenye ncha ya aski ya Xylaria, Daldinia na Hypoxylon wengi. Nyekundu ya kahawia: spora za Perenniporia wengi, spora za Coniophora, na nyuzi za Scytinostroma. Na manjano tu ya iodini yenyewe, maana yake hakuna mwitikio. Jibu la tatu nalo ni jibu, liandike.

Iodini ina tabia ya kuzeeka. Kabla hujaiamini, ijaribu kwa punje ya unga wa muhogo iliyotiwa maji: ikigeuka bluu nzito, chupa yako ni nzima. Ila nawa mikono baada ya jaribio hilo, na kama umetoka kula ugali wa muhogo nawa pia, kwa sababu chembe ya wanga iliyodondoka kwenye slaidi ni duara, inang'aa, na kwenye iodini inakuwa bluu kwa namna ya kumtia mtu mgeni wazimu. Iodini ya kidonda ya dukani si mbadala mzuri. Ile ya povidoni imeshikiliwa na kemikali nyingine, na ile ya spiriti inakausha slaidi.

Kosa linaloua kipimo hiki ni kuchanganya. KOH inaondoa rangi ya iodini. Ukidondosha Lugol kwenye slaidi yenye KOH, kahawia inapotea na utaandika kwamba hakuna mwitikio wakati hujapima kitu. Ama utumie kipande kipya kwenye maji, ama usuuze: tone la maji ukingo huu, karatasi ya tishu ukingo ule ivute, urudie mpaka KOH iishe, ndipo iodini iingie. Kwa aski kuna faida ya kufanya vyote viwili, Lugol moja kwa moja kwenye kipande kibichi, na Lugol baada ya KOH iliyosuuzwa vizuri. Baadhi ya ncha ni nyekundu kwenye njia ya kwanza na bluu kwenye ya pili, na tofauti hiyo inatambulisha.

Kotoni bluu

Hii ndiyo inayosifiwa kuliko inavyostahili kwa kazi yetu. Maabara nyingi za hospitali zinayo ikiwa imechanganywa na laktofenoli, kwa ajili ya ukungu ulioota kwenye sahani. Slaidi zake ni nzuri, bluu juu ya mandhari meupe, na zikipakwa rangi ya kucha ukingoni hudumu muda mrefu. Mwalimu anayetaka kuonyesha darasa zima kitu kilekile wiki nzima hana chaguo bora.

Kwa utambuzi, kazi yake halisi ni moja: kuonyesha kama ukuta wa spora au wa nyuzi unafyonza bluu. František Kotlaba na Zdeněk Pouzar walilieleza hilo mwaka 1964 na bado funguo zinalitumia. Lakini kusoma jibu lenyewe kuna utata. Ute wa ndani ya seli unapakwa bluu karibu kila mara, na mgeni anaona spora ya bluu na kushangilia, kumbe ukuta wenyewe hauna rangi. Tafuta spora iliyopasuka au iliyo tupu ndani, utazame ukingo wake. Wakati mwingine lazima upashe slaidi moto kidogo au uiache saa kadhaa. Fenoli yake ni sumu na inaunguza ngozi, haifai kumwagwa ovyo wala kuachiwa wanafunzi. Na inasinyaza seli hai, kwa hiyo usiipe Orbilia wako.

Kongo nyekundu naitaja tu. Inapaka kuta za nyuzi, klampu zinaonekana kwa uzuri wa ajabu, lakini ni ya jamii ya rangi zinazoshukiwa kuleta saratani, na KOH yenye floksini inakufikisha karibu na palepale.

| | Inaonyesha vizuri | Inaharibu au kuficha | Sampuli |
|---|---|---|---|
| Maji | uhai, rangi, fuwele, mafuta | kuta nyembamba | mbichi |
| KOH 3–5% | nyuzi, klampu, basidia | vijimwili vya seli hai, baadhi ya rangi na maganda | kavu na mbichi |
| Lugol | mwitikio wa spora na ncha ya aski | rangi ya asili | zote, bila KOH |
| Kotoni bluu | ukuta unaofyonza bluu. Slaidi ya kudumu | seli hai | kavu na mbichi |

Tawi moja, sampuli tatu

Rudi kwenye lile tawi la mkorosho.

Ukoko wa kijivu wenye wekundu kwa mbali. Kwenye maji, spora ni ndefu zilizopinda kidogo, na kati ya basidia kuna sistidia fupi nene zilizovaa kofia ya fuwele. KOH na floksini: nyuzi zinaachana, klampu zipo. Lugol: spora manjano tu, hakuna bluu. Mwelekeo ni Peniophora. Sasa chukulia majibu yangekuwa kinyume: hakuna fuwele, hakuna klampu kwenye nyuzi nyingi, spora zinageuka bluu kwenye iodini. Hapo unaelekea Stereum, hata kama kwa macho ukoko ulikuwa unafanana. Vimiminika vitatu vimefanya kazi, kotoni bluu haikuhitajika.

Ukoko wa kahawia. Hapa KOH inaamua karibu kila kitu ndani ya dakika. Kama kipande kinapiga weusi usioondoka, na chini ya hadubini kuna miiba ya kahawia yenye kuta nene ikichomoza, na ukitafuta klampu huoni hata moja, uko kwenye jamii ya Hymenochaete. Kama haupigi weusi huo, na spora ni kubwa, za manjano ya kahawia, zenye ukuta mnene, weka Lugol kwenye kipande kingine: nyekundu ya kahawia inakuelekeza Coniophora, ambaye hukaa pia kwenye mbao za nyumba zenye unyevu na huacha mti ukiwa wa kahawia, unaovunjika vipande vya mraba. Na hapa, mara moja, kotoni bluu inathibitisha, maana ukuta wa spora zake unafyonza.

Vitu vidogo vya rangi ya chungwa. Hapa maji pekee yanatosha kuamua kundi. Ukiona vifuko vyenye spora nane, ni kikombe cha aski, pengine Orbilia, na utaendelea na vijimwili vya ndani ya spora kama nilivyoeleza. Ukiona seli zimegawanyika juu kama herufi Y, kila mkono ukibeba spora moja, ni Dacrymyces, fangasi wa ute, basidia kabisa. Vikikauka viwili hivi vinafanana kiasi cha kuaibisha. Spora za Dacrymyces zilizokomaa mara nyingi zina kuta zinazoigawa ndani, kwa hiyo hata sampuli ikiwa mbovu kuna namna.

Kwa hiyo ununue nini?

Inategemea umekaa wapi. Mwalimu wa sekondari mwenye hadubini ya kioo cha kuakisi mwanga aanze na maji ya mvua na KOH, na fedha inayobaki anunue wembe na vioo vyembamba vya kufunikia vya ziada, kwa sababu sampuli nene ndiyo adui mkubwa kuliko kukosa rangi yoyote. Mtu wa maabara ya hospitali tayari anavyo vyote vinne rafuni; kwake suala ni mpangilio tu, na kuitia maji KOH yake. Anayekwenda mbali, tuseme misitu ya uwanda wa Rondo, na kurudi siku kadhaa baadaye, atakuwa na sampuli kavu tu. Kwake KOH inapanda nafasi ya kwanza na maji yanashuka, isipokuwa abebe hadubini. Na Rondo usiende kwa kuvizia: kuna hifadhi ya msitu wa asili chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, omba kibali kabla ya kukata hata kijiti. Marundo ya mikorosho ya jirani yanahitaji ruhusa ya jirani tu.

Ukiwa na nafasi ya kuongeza chupa moja baada ya KOH, iwe Lugol. Kotoni bluu inajibu swali linaloulizwa mwishoni mwa ufunguo, tena kwa makundi machache, wakati iodini inaulizwa kwenye hatua za mwanzo, na jibu lake husomeka hata kwa lenzi ya 40 kama spora ni nyingi.

Sampuli zenyewe zikaushwe haraka. Unyevu wa kaskazi unaotesha ukungu juu ya fangasi ndani ya siku mbili, na ukishaota utaanza kupima spora za ukungu ukidhani ni za ukoko. Hewa kavu, bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa nailoni. Na unapoandika vipimo, pima spora ishirini au zaidi zilizodondoka zenyewe, kisha mbele ya kila namba andika ilipimwa ndani ya nini. "7 × 3" peke yake haina maana kwa mtu mwingine. "7 × 3, maji, mbichi" ataweza kuilinganisha na yake.